Kipimo cha NOD2 kikitoka safi, bado Crohn unaweza kuupata

Kuna swali naulizwa sana kliniki kuhusu Crohn, ugonjwa sugu wa mchochota (uvimbe na vidonda) wa utumbo: daktari nimepima jeni ya NOD2 iko sawa, si ndo basi mi siwezi kupata Crohn? Hapana jamani, na kama asili yako ni Asia Mashariki au Afrika ndo kabisa, hicho kipimo kinakuambia kidogo mno.

NOD2 ilitangazwa 2001, jeni ya kwanza kuhusishwa na Crohn, iko kromosomu ya 16 na kazi yake ni kuisaidia kinga ya mwili itambue vipande vya ukuta wa bakteria wa utumboni. Yale mabadiliko matatu yanayopimwa sana yaligunduliwa kwa watu wa asili ya Ulaya. Nenda Japani, China, Korea, hayo matatu karibu hayapo ila Crohn ipo! Kule inayojitokeza kwa nguvu ni TNFSF15, yenye protini inayochochea mchochota, Wajapani waliiripoti 2005. Na Wamarekani weusi wakikutwa na yale ya NOD2, mara nyingi hicho kipande cha DNA kimetoka kwa babu au bibi wa Kizungu.

Ila usije ukadhani kila kabila lina Crohn yake. Utafiti mkubwa wa 2015 uliwaweka pamoja Wazungu, Waasia Mashariki, Wahindi na Wairani, na sehemu nyingi za DNA zinazoongeza hatari zilifanana, tofauti ni nani anazo kwa wingi na zina nguvu kiasi gani. Alafu hata mwenye NOD2 mbovu, wengi hawaugui maisha yao yote.

Pale asili inaponinyima usingizi ni kwenye dawa. Azathioprini, dawa ya kutuliza kinga tunayowapa wagonjwa wa Crohn, inaweza kushusha seli nyeupe za damu vibaya sana, na miaka mingi tulipima TPMT tu, jeni inayoeleza hatari hiyo zaidi kwa Wazungu. Wakorea walikuwa wanashuka seli na TPMT zao nzima, mpaka 2014 ndo ikaonekana ni jeni nyingine, NUDT15, ambayo kwa Waasia Mashariki mabadiliko yake ni ya kawaida tu. Kwa hiyo ukiandikiwa hiyo dawa omba jeni zote mbili zipimwe, na hata zikitoka safi usiruke kupima damu wiki za mwanzo, maana kuna wanaoshuka seli bila jeni yoyote kati ya hizo kuwa na shida.