Kwa nini wanaizima satelaiti ambayo bado inafanya kazi

Mzee anayesimamia ghala moja la tumbaku nje kidogo ya Tabora mjini alinipigia simu kwa mara ya tatu ndani ya mwezi. "Fundi, intaneti imekata tena. Na ni mchana huu huu, kama juzi." Tulikuwa tumeshakata tawi la mwembe lililosogelea dishi, tumebadilisha LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, tumekaza nyaya zote upya. Hakuna kilichosaidia.

Kumbe mzee ni mtu wa kuandika. Pembeni mwa daftari lake la mizigo alikuwa ameweka saa ambazo mtandao ulikatika: mwanzo saa kumi jioni, wiki mbili baadaye saa tisa, sasa saa nane. Nikapiga hesabu pale pale juu ya gunia. Dakika nne kila siku. Mvua haina ratiba ya namna hiyo, wala mwembe hauna. Nyota ndizo zinazochomoza dakika nne mapema kila siku, na satelaiti za mawasiliano za aina hii huzunguka kwa saa hiyo ya nyota, si ya jua. Tawi la watu tulikuwa tumelikata bure.

Satelaiti yenyewe ilikuwa inayumba. Jua na mwezi huivuta kaskazini na kusini, na injini zake ndogo huirudisha juu ya ikweta. Kazi hiyo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya mafuta yake ikishafika kituoni. Ikizeeka, mwenye nayo huacha kuirudisha ili abane mafuta, nayo huanza kuchora umbo la nane angani, mara moja kwa siku. Ikifika ncha ya juu au ya chini, dishi lililofungwa kwa bolti linaikosa. Baada ya miezi michache ikaja barua: satelaiti inastaafishwa, wateja wote wahamishwe.

Mzee alikasirika. "Asubuhi nzima natuma hesabu zangu vizuri. Kitu kizima wanakizima cha nini?" Siku ile nilimjibu kwa haraka, na jibu lile halikuniridhisha hata mimi.

Satelaiti hizi zimepangwa kwenye mkanda mmoja tu, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Hapo ndipo kitu huzunguka sambamba na dunia, na ndiyo maana dishi la Tabora au la Kigoma linaweza kutazama sehemu moja miaka yote. Kuirudisha satelaiti duniani kutoka kule kunahitaji kuipunguzia mwendo wa karibu mita 1,500 kwa sekunde, na mafuta ya kazi hiyo haibebi. Kuipandisha kilomita 300 hivi, nje ya mkanda, kunahitaji kuibadilishia mwendo kwa mita 11 tu kwa sekunde. Kwa hiyo huzikwa juu, kwenye obiti ya makaburi, yaani njia ya mzunguko ya satelaiti zilizokufa. Mwongozo wa kimataifa unataka angalau kilomita 235, na nyongeza kulingana na ukubwa na uzito wake, kwa sababu hata mwanga wa jua huisukuma.

Mita hizo 11 ni mafuta ya takriban miezi mitatu ya kazi ya kawaida. Mwenye satelaiti anatakiwa kuyaacha kwenye tangi, yaani aache mapato ya miezi mitatu, wakati chombo bado kizima na wateja wanalipa. Halafu hajui kwa uhakika yamebaki kiasi gani. Bodaboda wa hapa akitaka kujua petroli yake huitikisa pikipiki kushoto kulia, akasikiliza. Kule hakuna uzito, mafuta hayatulii chini ya tangi. Wahandisi hujumlisha kila mpigo wa injini kwa miaka kumi na tano, na hesabu huweza kukosea kwa miezi kadhaa. Satelaiti EchoStar-7 ya Dish, kampuni ya televisheni ya Marekani, ilipangiwa kupanda kilomita 300. Mwaka 2022 mafuta yaliishia njiani, ikabaki kilomita kama 122 tu juu ya mkanda. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliitoza kampuni dola 150,000. Kwangu mimi fedha hiyo ni ndogo mno.

Na kuipandisha peke yake hakutoshi. Mafuta yaliyobaki hutolewa nje, gesi ya shinikizo huachiwa, betri humalizwa chaji na kukatwa kwenye paneli za jua. Tangi lenye shinikizo likipasuka miaka ishirini baadaye, vipande vinabaki huko huko, maana hakuna hewa ya kuvishusha. Oktoba 19, 2024, satelaiti Intelsat 33e ilipasuka vipande vipande ikiwa bado kazini, nyuzi 60 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Kwa aliyesimama Tabora, hapo ni upande wa mashariki, nyuzi kama 58 kutoka upeo wa macho. Wateja wa Ulaya, Afrika na Asia walikatiwa. Na mkanda huo ndio tunaoutegemea sisi pia.

Satelaiti za chini, zile za kilomita 550, ni habari nyingine: hewa kidogo iliyopo huzishusha, nazo huungua zikiingia angahewa.

Nilihamisha dishi la mzee Jumamosi moja. Nililegeza bolti, yeye akanisomea kiwango cha mawimbi kutoka mlangoni hadi kilipotulia. Wiki chache baadaye nilichukua dishi langu la majaribio, nikalielekeza pale pale pa zamani, masafa yale yale. Amri ya mwisho inayotumwa kwa satelaiti ni ya kuzima kisambaza mawimbi chake, na baada ya hapo haijibu tena. Nilikaa saa nzima nikiitazama skrini. Hakukuwa na kitu.