Kurudia mchezo wa sataranji: dhana potofu na ukweli

"Nimeshindwa kwa sababu ya ufunguzi."
Lawama hii kwa ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo, huja upesi. Mtu anaacha farasi wake aliwe bure hatua ya 27, kisha usiku huohuo anautupa ulinzi wa Sisilia, ufunguzi aliouzoea akicheza nyeusi, na kutafuta mwingine. Rudia mchezo hadi mahali hasa ulipoharibika. Mara nyingi ufunguzi ulikuwa umekwisha zamani.

"Kusoma ufunguzi ni kukariri hatua."
Chukua ufunguzi wa Kihispania (herufi na namba hutaja mraba wa ubao, nyeupe akianza): e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu b5. Wengi huamini nyeupe tayari anatishia kumla farasi ili ajipatie kitunda cha e5. Hebu jaribu. Nyeusi anacheza a6, askofu anamla farasi, kitunda cha d kinalipiza, farasi mweupe anakula e5. Sasa malkia mweusi anatua d4, anamwandama farasi na kitunda cha e4 kwa pamoja, na kitunda kinarudi. Tishio halijaiva. Aliyekariri tu hawezi kukueleza hilo, na mpinzani akichepuka kidogo anabaki kukodoa macho.

Wala ufunguzi hauhukumiwi kwa sura. Ulinzi wa Berlin, jibu jingine la nyeusi kwa ufunguzi huo wa Kihispania, ulijulikana tangu karne ya 19. Malkia wote wawili huliwa mapema, na mfalme mweusi hubaki katikati ya ubao, sura isiyovutia hata kidogo. Lakini London mwaka 2000 Kramnik aliutumia dhidi ya bingwa wa dunia Kasparov, ambaye hakushinda hata mchezo mmoja katika pambano zima na akavuliwa ubingwa.

"Washa programu ya sataranji kwanza, ikuoneshe makosa."
Iwashe mwisho. Programu hutaja hatua bora. Sababu utaitafuta mwenyewe. Katika mchezo maarufu wa Morphy, bingwa Mmarekani aliyecheza nyeupe, huko Paris, 1858, funika hatua ya 8 ya nyeupe ukisie. Malkia mweupe angeweza kula kitunda cha b7, na faida ni ya kweli, ila nyeusi angejibu malkia b4 kwa shaha na kulazimisha malkia wabadilishwe. Morphy akatoa farasi c3, malkia wakabaki ubaoni. Nyeusi alipofungwa hatua ya 17, ngome yake ya h8 na askofu wa f8 hawakuwa wamesogea hata mara moja.

"Mchezo nilioshinda hauna cha kurudia."
Unacho: makosa yako ambayo mpinzani hakuyaona.