Tunayowadhania Watoto Wadogo na Yaliyo Kweli

Hadi miaka ya 1980, mtoto mchanga aliyehitaji upasuaji, hata katika hospitali kubwa za Uingereza na Marekani, aliweza kupasuliwa akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli ili asijitikise, huku dawa ya maumivu akipewa kidogo sana au asipewe kabisa. Madaktari wale walikuwa na nia njema. Waliamini kwamba neva za kichanga hazijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu kama tunavyoyahisi sisi, kwamba hata akihisi hatakumbuka, na kwamba nusukaputi ingeweza kumuua. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo. Waliopewa dawa kali ya maumivu, miili yao ilitoa homoni chache zaidi za mfadhaiko, na baada ya upasuaji walipata matatizo machache kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Kila nikiikumbuka habari hiyo moyo huniuma, maana imani iliyowaponza madaktari wale bado tunaishi nayo majumbani. Mtoto hajaanza kusema, basi tunamhesabu kama asiyehisi, asiyeelewa, asiyejifunza. Na tukishamhesabu hivyo, kuna kitu anachokihitaji ambacho tunaacha kumpa.

"Kichanga haoni wala hasikii, ni wa kunyonya na kulala tu"

Kusikia huanza tumboni, katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wenye umri wa siku chache tu chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani, anaisikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mwendo mwingine, anamsikia mwanamke asiyemjua. Watoto walirekebisha unyonyaji wao ili wamsikie mama. Yaani mtoto ambaye hata kitovu hakijadondoka tayari ana sauti anayoitafuta.

Macho yake kweli bado hayaoni vizuri vitu vya mbali. Kinachomkalia sawa ni kile kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, ambao ni karibu sawa na umbali kati ya titi na uso wa anayemnyonyesha. Kwa hiyo kumtazama na kumsemesha wakati ananyonya kuna maana kubwa kuliko unavyoweza kuona kwa macho. Hata kama hakujibu, anapokea.

"Ukimbeba kila anapolia utamdekeza"

Ushauri huu umewahi kutolewa na wasomi wakubwa. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani John B. Watson aliwaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao, na akaona yatosha kuwapa mkono asubuhi. Wazazi wengi walimsikiliza.

Hebu tumtazame mtoto mwenyewe. Kulia kwa kichanga huongezeka wiki baada ya wiki, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Hivyo ndivyo inavyokuwa hata kwa watoto wenye afya njema waliozaliwa na wazazi makini. Katika umri huo hana uwezo wa kupanga hila ya kukutumikisha. Analia kwa sababu ana njaa, ana baridi, amelowa, amechoka, anaumwa, au mwili wake mpya umemlemea na hajui namna ya kujituliza. Kujituliza anajifunza kwa kutulizwa.

Silvia Bell na Mary Ainsworth walizifuatilia familia 26 kwa mwaka mzima na kuona kwamba watoto walioitikiwa haraka katika miezi ya mwanzo walikuwa wakilia kidogo zaidi mwishoni mwa mwaka. Matokeo yao yalitoka mwaka 1972. Familia 26 ni chache, na wataalamu wamebishana sana juu ya hitimisho lao. Lakini mwaka 1986 Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba wazazi wa kundi moja wawabebe watoto muda mrefu zaidi kila siku, hata wasipokuwa wanalia, na walipofika wiki 6 watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Kubeba hakumalizi kila kilio. Wapo watoto ambao hulia sana hata wakiwa mikononi. Ila mikono haijamharibu mtoto yeyote.

Hapa niseme na mzazi aliyechoka hadi anatetemeka. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje ya chumba dakika chache, vuta pumzi, ita mtu akusaidie. Kulia dakika hizo hakutamdhuru. Kumtikisa kwa nguvu kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo na kumuua.

"Ukimsimamisha mapema atapata matege"

Karibu watoto wote huzaliwa na matege, kwa kuwa walikunja miguu katika nafasi finyu tumboni. Miguu hunyooka kadiri wanavyokua, kwa kawaida kufikia umri wa miaka 2. Kisha, jambo linalowashtua wazazi wengi, magoti huingia ndani na kukaribiana, hasa akiwa na miaka 3 au 4, halafu hunyooka tena kufikia miaka 7 hivi. Mtoto anayesimama dede kwa kushikiliwa mikono anaimarisha misuli, na mfupa haupindi kwa sababu hiyo.

Matege yenye ugonjwa yana dalili zake: yanazidi baada ya miaka 2, yanaonekana mguu mmoja tu, au yanakuja na maumivu. Mara nyingi sababu ni upungufu wa vitamini D au madini ya kalisi, na hilo linatibika. Anayelaumiwa huwa ni shangazi aliyemsimamisha mtoto, kumbe mwili ulikuwa unadai jua na chakula.

"Wa jirani ametembea na miezi 9, huyu wetu ana nini?"

Shirika la Afya Duniani lilichunguza watoto wenye afya katika nchi 5, yaani Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Umri wa kutembea bila kushikwa ulitawanyika kuanzia miezi 8.2 hadi 17.6. Huo ni upana wa miezi 9 na zaidi, na wote waliomo ndani yake ni wazima. Asilimia 4 hivi hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa: walipita moja kwa moja kwenye kusimama, au walijiburuta kwa makalio. Kutotambaa peke yake si kasoro.

Wanaokimbilia kununua woka, kile kiti chenye magurudumu, ili kumharakisha mtoto, wajue kwamba hakifundishi kutembea. Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake wala hajifunzi kusawazisha mwili, na utafiti umeonyesha kinaweza kumchelewesha. Zaidi ya hapo humfikisha haraka kwenye ngazi, moto na maji. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

"Wanaume huchelewa kusema, mwache, atasema tu"

Kama ningeweza kuifuta dhana moja tu, ningeifuta hii. Ni kweli kwamba kwa wastani wavulana huanza kusema baadaye kidogo kuliko wasichana. Lakini tofauti hiyo ni ya mwezi mmoja au miwili, haitoshi kueleza ukimya wa mtoto wa miaka 2 na nusu. Maneno "atasema tu" yanafariji, na wakati mwingine hutimia, ndiyo maana hayafi. Watu wanakumbuka yule mjomba aliyechelewa na leo ni mwalimu. Hawamkumbuki yule ambaye alikuwa hasikii na hakuna aliyejua.

Uziwi wa kichanga hauonekani kwa macho. Mtoto asiyesikia hucheka, hukutazama, hata huanza kutoa sauti kama wengine miezi ya mwanzo, kisha sauti zile hupungua pale wenzake wanapoanza ba-ba-ba na da-da-da. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walionyesha kwamba watoto waliogunduliwa tatizo la kusikia kabla ya kutimiza miezi 6, na familia zao zikapata msaada, walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, iwe ni lugha ya kutamka au ya ishara. Mwezi mmoja hapo ni mali.

Mpeleke apimwe masikio na ukuaji wake kama akifika miezi 12 hatoi sauti za kurudiarudia wala haonyeshi kitu kwa kidole au kupunga mkono. Kama ana miezi 18 na hana neno hata moja. Kama ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili. Na kama amepoteza alichokuwa nacho, alikuwa anasema sasa hasemi, alikuwa anakutazama sasa hakutazami, usisubiri umri wowote. Ukimpeleka na ikaonekana hana shida, hujapoteza kitu.

Lugha mbili nyumbani hazimo kwenye lawama hizi. Mtoto anayesikia lugha mbili anaweza kuonekana ana maneno machache ukihesabu lugha moja tu; hesabu zote mbili, utakuta anakwenda sambamba na wenzake. Kuchanganya lugha katika sentensi moja ni kawaida, hata sisi watu wazima tunafanya.

"Video za watoto na muziki maalumu humnoa akili"

Hadithi ya muziki wa Mozart ilianzia kwenye makala fupi ya mwaka 1993. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na nafuu waliyoipata katika aina moja ya maswali ilidumu dakika 10 hadi 15. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Mwimbie mtoto kwa sababu mnafurahi pamoja, inatosha.

Kuhusu video, Patricia Kuhl na wenzake walifanya jambo ambalo naliona la ajabu. Waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 na kuwasikilizisha Kichina katika vipindi 12. Waliochezeshwa na kusomewa na mtu halisi walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa mtu yuleyule, vitabu vilevile, ila kupitia runinga, hawakujifunza chochote. Hiyo ilikuwa mwaka 2003. Mtoto hujifunza kutoka kwa mtu anayemtazama, anayengoja zamu yake, anayejibu mguno kwa mguno. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku.

"Anajitupa chini kwa kiburi, samaki mkunje angali mbichi"

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, kungoja na kumeza hasira, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote. Huendelea kujengeka hadi baada ya miaka 20. Mtoto wa miaka 2 ana matakwa makubwa, maneno machache na breki hafifu. Anapogaragara sakafuni amezidiwa. Katika hali hiyo hotuba haimfikii, na kofi linamwongezea hofu juu ya kile kilichokwisha kumshinda. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakatoa muhtasari mwaka 2016: kuchapwa kuliambatana na ukaidi zaidi, ugomvi zaidi na matatizo zaidi ya kihisia.

Mpaka bado uwepo. "Hapana" ibaki hapana, kisu kiondolewe mkononi. Kaa karibu, sauti iwe ya chini, lipe jina lile analolihisi, "umekasirika kwa sababu nimezima," kisha ngoja. Samaki anakunjwa kwa mkono taratibu. Akipigwa nyundo anapasuka.

"Ni mdogo mno, hatakumbuka", na pacha wake, "miaka 3 imepita, basi tena"

Kumbukumbu anayo. Carolyn Rovee-Collier alifunga utepe kati ya mguu wa mtoto na vidude vinavyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto wa miezi 3 alijifunza kwamba akirusha mguu vinacheza, na karibu wiki nzima baadaye bado alikumbuka. Ni kweli kwamba ukubwani hatusimulii ya umri ule. Lakini mwili na ubongo vilijengwa humo humo.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Romania. Kuanzia mwaka 2000 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo, wote wakiwa chini ya miaka 3, walishwao na kuvishwa lakini bila mtu wao wa kudumu. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopata familia walipanda kiakili na kihisia kuwapita waliobaki, na waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka 2 ndio walionufaika zaidi katika mambo mengi, hasa katika kumshikamania mlezi. Mapema ni bora. Hata hivyo wale waliochelewa kupata familia nao walisogea mbele, na wengine walijenga na walezi wao mafungamano ambayo hawakuwahi kuwa nayo na mtu yeyote kabla.