“Lakini ni i7, Fundi”

Jumatatu kijana wa chuo aliniwekea mezani HP EliteBook 840 G1. Akasema inakwama, akifungua Word na kivinjari pamoja basi anaweza kwenda kunywa chai na kurudi. Kabla sijaishika akaongeza: “Lakini ni i7, fundi.” Wanaongezaga hiyo wote, kwa sauti ya mtu anayemtetea mwanawe aliyefeli. Nikamuuliza kanunua shilingi ngapi. Laki saba, Kariakoo. Duka hilohilo walikuwa na 840 G5 yenye i5, bei karibu sawa, akaikataa. Kwa nini? “i5 ni ndogo.”

Nimechoka. Naomba niliseme mara moja, mkija mezani tuongelee mengine.

Hizo namba 3, 5 na 7 kwenye i3, i5 na i7, majina ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za kampuni ya Intel, ni nafasi ya mwanafunzi ndani ya darasa lake. Hazikwambii yuko darasa la ngapi. Mtoto aliyeshika namba moja darasa la pili, mpe mtihani wa hesabu pamoja na yule wa kumi na tano wa kidato cha nne, uone. Jina la Core i7 liko sokoni tangu 2008, na kwa miaka mingi Intel wamelibandika kwenye prosesa mpya karibu kila mwaka. Kwa hiyo anayekuuzia “i7” bila kutaja kizazi, yaani lile darasa, hajakwambia kitu.

Chukua ya huyu kijana. Ndani ilikuwa na i7-4600U, ya mwaka 2013. Ina viini (core) 2, yaani mikono miwili ya kufanyia kazi. Ile i5 aliyoiona ndogo ilikuwa i5-8250U, ina viini 4, kila kiini kinashika kazi 2, yaani inaweza kubeba kazi 8 kwa mpigo pale ambapo yake inabeba 4. Na zote mbili zimepangiwa umeme uleule, wati 15. Kwa miaka mingi laptopu nyembamba za ofisini zilikuwa na viini 2 tu, iwe i5 iwe i7. Tofauti ilikuwa kasi kidogo na ukubwa wa kumbukumbu ya ndani ya prosesa (cache), kitu ambacho mtu wa kuchapa ripoti hakioni. Agosti 2017 kilipotoka kizazi cha 8, hizo za wati 15 zikapanda kutoka viini 2 hadi 4. Ndiyo maana kila anayeniuliza anunue nini namjibu kwa neno moja: nane. Chini ya hapo uwe na sababu, au mfuko umegoma.

Muuzaji mjanja atakuonyesha GHz, kipimo cha kasi ya prosesa. Atasema hii i7 ina 2.1, hiyo i5 ina 1.6, sasa ipi ina kasi? Hiyo ni kasi ya kuanzia. Kazi ikikolea, ya kwanza inapanda hadi 3.3 na ya pili hadi 3.4, na ya pili ina mikono mara mbili.

Kusoma kizazi hakuhitaji fundi. Angalia namba baada ya kistari. Ondoa tarakimu tatu za mwisho, inayobaki ndiyo kizazi: 4600 ni cha 4, 8250 ni cha 8, 10210 ni cha 10. Ukikuta tarakimu nne zinazoanza na 1, kama 1035 au 1135, chukua mbili za mwanzo: cha 10, cha 11. Ukikuta tarakimu tatu tu, mfano i5-520M, hiyo ni kizazi cha kwanza kabisa, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Herufi ya mwisho nayo ina maneno yake. U ni ya kubana umeme, H na HQ ni za nguvu. Na ukiona Y katikati ya namba, kama i7-7Y75, ujue hiyo ni i7 iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta zisizo na feni, nguvu yake imebanwa. Stika inasema i7, na haijadanganya.

Stika yenyewe usiisome. Stika inabanduliwa na kubandikwa. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka nenda sehemu ya utendaji (Performance), bofya CPU, jina kamili la prosesa liko hapo juu kulia. Muuzaji akisema haina chaji, subiri ichajiwe. Jina la modeli pia lisikulevye: ThinkPad T480 watu wanaijua kuwa ya kizazi cha 8, lakini zipo T480 zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7.

Kuna sababu nyingine ya kusimama kwenye nane. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukitoa prosesa chache sana, inazikubali za Intel kuanzia kizazi cha 8. Najua inawezekana kuilazimisha kwenye za zamani. Nami nimeshawafanyia watu. Ila unaishi kwa hisani, siku Microsoft wakifunga huo mlango usinipigie simu usiku.

Kijana akaniuliza kama naweza kumbadilishia prosesa. Haiwezekani: kwenye hizi nyembamba imechomelewa kwenye ubao. Tulichofanya ni kumtoa kwenye diski ya kuzunguka na kumwekea SSD, diski ya chipu, na hapo ndipo nafika kwenye dhana ya pili, ya “ikiwa nzito, piga windo.”

Kupiga windo, yaani kufuta na kuweka Windows upya, kunasaidia kama tatizo ni virusi au takataka za programu. Kama diski ni ya kuzunguka, umefagia nyumba ambayo mlango wake ni mwembamba. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika inazunguka mara 90 kwa sekunde, na kila ikitafuta kipande cha faili inabidi kisubiriwe kipite chini ya sindano, wastani wa milisekunde 5 na nusu, bado sindano yenyewe haijahama. Windows ikiwaka inaomba vipande maelfu. SSD haina kinachozunguka. Fungua Task Manager hiyohiyo: ukiona diski imekaa 100% na prosesa iko 10%, umeshapata jibu bila kulipa mtu. Hamisha data kwanza, jamani. Sitaki kusikia tena “sikujua picha za harusi zilikuwa humo.”

“Niongezee RAM.” Hiyo ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Sawa, unatumia kiasi gani? Mwenye GB 8 anayetumia 4, nikimwekea 16 nimemuuzia hewa. Mwenye 4 namwongezea bila kuuliza. RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, kwa hiyo usininunulie njiani ukidhani unanisaidia.

“Betri mpya ichajiwe masaa manane kwanza.” Hilo lilikuwa la betri za nikeli. Za lithiamu zimekuwa sokoni tangu 1991, zikijaa chaja inaacha kuzisukuma. Ukitaka kujua hali ya betri ya mtumba usiulize, fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Ikisoma 50,000 kiwandani na 20,000 leo, punguziwa bei ya betri. Na tachipedi ikiwa imeinuka au imekuwa ngumu kubonyeza, zima mashine, usiichaji tena: betri imevimba chini yake.

Na mchele. Simu imeingia maji, laptopu imemwagikiwa chai ya maziwa, mtu anaifukia kwenye mchele siku tatu. Mchele hauvuti maji yaliyo chini ya chipu. Wakati unasubiri, chumvi na sukari zinabaki kwenye ubao, shaba inaota kutu ya kijani, na kama betri bado imeunganishwa basi umeme unaiharakisha. Zima, toa betri kama inatoka, usijaribu kuwasha “kuona kama imepona”, lete siku hiyohiyo niufungue ubao niuoshe kwa spiriti. Ukija siku ya tatu, kazi yangu ya kwanza itakuwa kutoa punje ya mchele kwenye tundu la chaji kwa kibano, na hiyo nayo nailipisha.