Kuagiza mbao nyingi si dalili ya kukosa misitu

Wengi huamini kwamba nchi inayoagiza kwa wingi mbao laini, yaani za misonobari na jamaa zake, imemaliza misitu yake. Wazo hilo lina mantiki yake: anayenunua mahindi mara nyingi ni yule ambaye shamba lake halikutoa.

Lakini tazama Marekani na Uingereza. Marekani huagiza kiasi kikubwa zaidi, hasa kutoka Kanada, ilhali theluthi moja hivi ya ardhi yake ni misitu, na yenyewe ni miongoni mwa wapasuaji wakubwa wa mbao hizo duniani. Inaagiza kwa sababu nyumba zake nyingi hujengwa kwa fremu za mbao, na muuzaji ni jirani. Uingereza, yenye misitu kwenye asilimia 13 hivi ya ardhi, huagiza kidogo kuliko Marekani, ila sehemu kubwa ya mbao inazotumia hutoka nje, zikiwemo za Uswidi na Latvia. Ukigawa kwa idadi ya watu, pengo kati yao karibu linatoweka.

Takwimu za forodha ziko wazi mtandaoni, kagua mwenyewe. Humo kila aina ya bidhaa ina namba yake: 4403 ni magogo, 4407 ni mbao zilizopasuliwa, usizichanganye. Angalia na kipimo. Mbao inayouzwa Marekani kwa jina la "mbili kwa nne", ukiiwekea rula, ina inchi 1.5 kwa 3.5. Hesabu nyingi za Marekani hufuata jina, si rula, kwa hiyo ukizigeuza moja kwa moja kuwa mita za ujazo utahesabu mbao ambazo hazipo.