Ngamia wa Pushkar wamekwenda wapi?

Wengi wanaotaka kwenda Pushkar, jimboni Rajasthan, India, hupanga kufika siku ya mwezi mpevu wa Kartik, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu. Siku hiyo watakuta umati wa mahujaji ziwani, lakini mnada wa ngamia umeshapita. Pale kuna shughuli mbili zinazofuatana. Wafugaji hutangulia, wakapiga kambi kwenye mchanga nje ya mji na kuuziana. Mahujaji wakianza kujaa, wafugaji wengi huwa wanang'oa mahema. Ibada yenyewe ni siku tano, kuanzia siku ya 11 ya mwezi unaokua hadi mwezi mpevu, na watu huoga kwenye sehemu 52 za ngazi zinazoshuka majini kuzunguka ziwa. Tarehe huhama kila mwaka: mwezi mpevu ulikuwa 15 Novemba mwaka 2024 na 5 Novemba mwaka 2025. Wa 2026 unaangukia 24 Novemba, kwa kuwa kalenda ya Kihindu mwaka huo ina mwezi wa ziada. Mwenye haja ya kuona biashara ahesabu siku kumi kurudi nyuma.

Wauzaji wakubwa ni Waraika, jamii ya wafugaji wa ngamia, na kwa desturi huleta madume tu. Majike hubaki nyumbani kuzaa. Mnunuzi makini huanzia mdomoni. Meno mawili ya kati ya utu uzima huota ngamia akikaribia miaka mitano, jozi ya pili mwaka wa sita, ya tatu wa saba. Kisha huangalia nundu. Mvua zimeisha karibuni na malisho yalikuwepo, kwa hiyo nundu iliyolegea ni dalili mbaya. Huenda ni surra, ugonjwa wa jamii moja na nagana, unaoenezwa na inzi wanaouma. Kwapani na kwenye mapaja hutafutwa ukurutu, maana mnyama mmoja mwenye nao huambukiza kundi zima. Pua nayo ikaguliwe pale kigingi cha kamba kinapopita: ikiwa imevimba au imechanika, dume hilo halitaongozeka. Mwisho atembezwe. Kiwiko kikisugua sugu ya kifuani, kitafanya kidonda, na wa kuvuta mkokoteni huyo hafai. Manyoya yaliyokatwa kwa nakshi na shanga shingoni humpendeza mpiga picha, mnunuzi hayamhusu.

Tatizo ni kwamba mikokoteni yenyewe imepungua. Trekta na pikapu zimechukua kazi, malisho yamegeuzwa mashamba ya kumwagilia, na misitu kadhaa imefungiwa wachungaji. Rajasthan ilikuwa na ngamia wapatao 326,000 mwaka 2012; sensa ya 2019 ilikuta kama 213,000. Serikali ya jimbo ilimtangaza ngamia mnyama rasmi mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kukataza kumchinja na kumtoa nje ya jimbo bila kibali. Nia ilikuwa kumlinda, lakini kwa maoni yangu sheria hiyo iliua soko: wanunuzi wa majimbo jirani waliogopa usumbufu wa njiani, bei ya madume ikaporomoka, na mfugaji asiyeuza dume hana sababu ya kuzidisha majike. Kenya, ambako nyama na maziwa ya ngamia vina wateja, ilihesabu zaidi ya milioni 4.6 mwaka huohuo wa 2019. Mraika hali nyama ya ngamia, na zamani hata kuuza maziwa yake ilikuwa mwiko.

Nafasi iliyoachwa imejazwa na farasi. Wa Marwari, wenye masikio yaliyopinda yakakaribia kugusana nchani, hununuliwa kwa fahari, maonyesho na harusi, maana bwana harusi huingia amepanda farasi. Pembeni kuna maputo ya kurusha watalii, mabembea makubwa na mahema ya kifahari. Mwaka 2022 mnada wa mifugo ulifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa mapele ya ngozi wa ng'ombe. Watalii walikuja vilevile, na mahujaji wakaoga kama kawaida.