Kilio cha bundi si uchuro

Bundi akilia juu ya paa usiku, utasikia: “Anatuchuria huyo, kuna mtu atakufa.” Si kweli. Bundi hulia kumwita mwenzake au kulinda eneo lake, na anayemleta kwetu ni panya wa darini na ghalani. Nyumba yenye mgonjwa hukesha, ndiyo maana humsikia. Usiku mwingine alilia vilevile, sisi tumelala fofofo. Mgonjwa akifariki, lawama ni za ndege. Athens ya kale, huko Ugiriki, bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wa kike wa hekima, akachorwa hata kwenye sarafu za fedha. Kwetu anapigwa mawe hadi afe. Inaniuma, maana panya anabaki akitafuna mahindi yetu.